Sumaku za Kizindaalo

Oyat alizaliwa mtoto wa kambi. Baba yake, Obita, alikuwa sajini wa polisi aliyetoka Gulu, na nyumba yao ya kwanza ilikuwa chumba kimoja cha mabati chenye pazia katikati, wazazi upande huu, watoto upande ule. Kiswahili alikinyonya humo, kile Kiswahili cha amri na matusi, na alipohamia mtaani kwetu Kisugu akiwa mtu mzima tulimjua kwa Kiswahili hicho kabla ya kumjua kwa jina. Kampala ina tabia hiyo. Ukiomba sukari dukani kwa Kiswahili, mwenye duka hukuangalia kwanza kiunoni kama umebeba bastola.

Shule aliiachia njiani mzee alipofariki. Akaingia karakana moja ya Nateete na kujifunza kusuka mota upya: mota za pampu, za mashine za kusaga, za feni zilizoungua. Kazi ile inataka subira na vidole visivyotetemeka, naye alikuwa navyo vyote viwili. Alichokosa ni cheti, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Watu walimwita fundi, akaitika. Lakini siku mtu akiteleza akamwita injinia, Oyat alirudi nyumbani na nyama. Mkewe, Acayo, alikuwa akisikia harufu ya kikaango cha jirani anatania kwamba labda leo na huyo naye kaitwa injinia.

Basi akatokea Shafiq. Huyu ni injinia wa kweli, mwenye vyeti ukutani, mtoto wa zile familia za Waislamu ambazo babu zao walifika mjini na mizigo ya nguo na misahafu wakabaki. Alisoma ng'ambo, akarudi na nia moja, kuunda roboti mwenye umbo la mtu, mwenye kichwa, mikono miwili na kiuno cha kuinama, wa kusimama mlangoni mwa mahoteli na mabenki kupokea wageni. Jina alishampa: Mwenyeji. Alisikia habari za vidole vya Oyat, akamwajiri, na siku ya kwanza akamtambulisha mbele ya vijana wote wa kampuni kwamba huyu ndiye injinia wetu wa mota. Kwa Acayo nyama ililiwa wiki nzima. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji, na mimi nilionja tembo lile, nawaambia lilikuwa maji matupu.

Mwenyeji alisemwa kuwa roboti wa kwanza aliyeundwa hapa nyumbani. Ngozi yake ya plastiki ilimiminwa hapa hapa, na shati lake la kitenge lilishonwa na fundi cherehani wa Kabalagala. Ukimfungua ndani, hata hivyo, ungekuta dunia nzima isipokuwa sisi. Vibao vya kielektroniki vya kichwani vilikuwa na madini yanayochimbwa kwa jirani zetu wa Kongo, yakasafirishwa mbali, yakapikwa huko, yakarudi yakiwa kifaa chenye bei ya kutisha. Mota za viungo zilitoka China, ndogo kama kikombe cha kahawa lakini zenye nguvu za ajabu, kwa sababu ndani yake mna sumaku za udongo adimu. Eti udongo wa namna hiyo upo hata huku kwetu mashariki, unangoja. Lakini udongo si sumaku, kama vile muhogo ulio shambani si chakula cha mgeni aliyekwisha kaa mezani.

Maonyesho makubwa ya kumtoa Mwenyeji hadharani yalipokaribia, mota ya kiuno ikaungua. Shafiq mwenyewe ndiye aliyemwacha Mwenyeji ameinama muda mrefu mno akipigwa picha, na sumaku zile adui yake ni joto. Akaagiza nyingine. Muuzaji akajibu kwa adabu kwamba serikali ya kwao siku hizi inataka kibali kwa sumaku za aina hiyo, useme wewe ni nani na unazitakia nini, kisha ungoje. Shafiq akajaribu Dubai, akajaribu Nairobi, akagundua kwamba wote wanachota kisima kimoja. Hata Wazungu wenye viwanda vya magari walikuwa wanalia. Akakaa ofisini ameshika kichwa, kwa kuwa wageni wa serikali walikwisha alikwa, na wenye mitaji pia, na roboti wa kupokea wageni alikuwa hawezi kuinama.

Oyat akasimama mbele ya vijana wote akamwambia, "Niachie mimi, bosi."

Sasa niwaeleze kizindaalo. Mitaani kwetu huwa tunafunga vipaza sauti vyenye umbo la pembe juu ya mlingoti mrefu, na chini yake mna kibanda chenye kinasa sauti cha kusemea. Humo husomwa habari za mtaa, mtoto aliyepotea, maji yatakayokatika, na zaidi ya yote habari za vifo, nani amefariki, mtoto wa nani, anazikwa wapi, gari linaondoka saa ngapi. Anayesoma ni Mzee Kamis, mwanajeshi mstaafu, Mnubi mwenye sauti ya kuamsha hata aliyelewa. Wenye simu nzuri wana makundi yao ya kutumiana ujumbe, lakini wazee wetu, wauza mboga na mafundi wa matofali hawana. Kwao mtu hajafa mpaka Kamis aseme. Vipaza sauti vya kwetu vilikuwa vipya, vyepesi, zawadi ya binti mmoja wa Kisugu anayefanya kazi Uarabuni, na mtunzaji wa vipaza hivyo, aliyepewa ufunguo kwa heshima, alikuwa Oyat. Aliwahi kukifungua kimoja kukitengeneza. Alijua kwamba mle ndani mna vipande vidogo vya mviringo, vyeupe vya kung'aa kama fedha, ndugu kabisa wa vile vilivyokufa kiunoni mwa Mwenyeji.

Alipanda mchana kweupe. Muuza chapati alimshikia ngazi, akadhani anasafisha vumbi. Oyat akatoa matumbo ya vipaza sauti vyote, akayatia kwenye mfuko, akazirudisha pembe mahali pake zikitazama mtaa kama kawaida. Alijiambia kwamba ni mkopo. Maonyesho yakiisha atazirudisha sumaku, na kwa siku chache hizo hakuna atakayekufa. Sijui alikubaliana na nani.

Karakana nzima ya kampuni ilimshangilia. Alitengeneza mota ya kwake, bapa kama sahani, sumaku zimepangwa kwa duara juu ya bati, na Mwenyeji akainama, taratibu, kama mkwe mpya. Hakuna aliyeuliza sumaku zimetoka wapi. Shafiq naye hakuuliza, na mimi siamini kwamba alisahau kuuliza.

Kabla maonyesho hayajafika, Bi Umulkheir akafariki alfajiri. Alikuwa mwalimu wa madrasa, bibi mfupi mwenye fimbo ndefu, na nusu ya Kisugu walijua alif kwa sababu yake, wakiwamo watoto wa Kikristo ambao mama zao waliwapeleka wapate adabu. Mazishi ya Waislamu hayangoji. Mzee Kamis akaingia kibandani, akawasha mitambo, akasoma tangazo lote kwa sauti ya majonzi, na nje hakikusikika kitu. Alisoma tena. Watu walipita na ndoo zao za maji wakielekea bombani, wala hawakugeuka. Alipotambua kwamba anaongea peke yake jua lilikuwa limepanda, na adhuhuri Bi Umulkheir alizikwa na watu ambao safu moja ya msikiti iliwatosha wote. Mama yule aliyeimbisha watoto wetu Fatiha alikwenda kaburini kama msafiri asiye na ndugu mjini. Watu walipata habari jioni, mboga zikiwa jikoni. Tulishindwa kutazamana.

Kesho yake wakapandisha mtu mlingotini, akashuka akisema pembe zipo lakini ndani ni tupu. Umati ukajaa. Oyat alikuwemo, maana angekosekanaje, yeye ndiye fundi. Alisema kwamba siku aliyopanda kusafisha vilikuwa vizima. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini nani angepekua nguo ya fundi wa mtaa? Mzee Kamis akamgeukia kwa unyonge.

"Fundi, wewe ndiyo unajua hii kitu," akasema. "Mwizi gani anaacha pembe, anabeba roho yake?"

"Ni mtu ya skrapu, Mzee," Oyat akajibu. "Ndani iko sumaku. Siku hizi hiyo ndiyo wanatafuta."

Hakutaja jina. Lakini mtaani kwetu mtu wa vyuma chakavu alikuwa mmoja tu. Emérence alikuwa mkimbizi kutoka Kongo, mama wa makamo, mpana wa mabega, aliyekodi kibanda karibu na mfereji akinunua redio mbovu, waya na sufuria zilizotoboka. Oyat mwenyewe alikuwa mteja wake, akinunua kwake waya wa shaba wa kusukia mota. Macho ya umati mzima yakageuka kuelekea mferejini, na miguu ikafuata.

Walimwaga magunia yake kwenye matope. Katika gunia la mwisho zikaonekana sumaku, na hapo kelele zikapanda. Zilikuwa sumaku nyeusi, nzito, za kawaida tu, zile zinazotoka kwenye redio kuukuu. Kwa mtu asiyejua, sumaku ni kile kinachonasa msumari. Kwa anayejua, kuzichanganya hizo na zile za kung'aa ni kama kuchanganya mbuzi na ng'ombe. Katika umati ule aliyejua alikuwa mmoja, na Emérence alikuwa akimjua. Hakupiga kelele. Aliokota moja kwenye tope, akaifuta kwa kanga, akamnyooshea.

"Papa Fundi, weye unazijua," akasema. "Izi ni za redio. Uwaambie."

Sentensi moja ingetosha. Oyat aliishika ile sumaku, akaigeuza mkononi mwake, akamrudishia.

"Mama," akasema, "sumaku ni sumaku."

Hawakumpiga, na kuna watu mtaani mpaka leo hujisifu kwa hilo, kwamba sisi tuna utu, hatukumpiga. Mwenye kibanda alimwambia aondoke, akaondoka siku hiyo hiyo na kile alichoweza kukibeba kichwani. Hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi.

Siku ya maonyesho Mwenyeji aling'ara. Mgeni rasmi alipoingia ukumbini, roboti aliinama, akanyoosha mkono, akamkaribisha kwa Kiswahili na Luganda, na makofi yakapigwa mpaka mapambo yakatikisika. Mgeni rasmi akahutubia kwamba huu ndio uhuru tuliokuwa tukiusubiri, kitu kilichoundwa hapa, na watu wa hapa, kwa vitu vya hapa. Shafiq akacheka kwa adabu. Oyat, aliyevaa koti la kuazima, alipiga makofi pamoja na wengine, na katika ukumbi wote ni yeye pekee aliyejua jinsi maneno yale yalivyokuwa kweli. Alisema baadaye kwamba alitamani sakafu impokee. Kila Mwenyeji alipoinama, yeye aliona mlingoti wetu. Mwandishi wa habari alimjia na kumwita injinia, akajikuta anageuka nyuma kutazama ni nani anayeitwa.

Aibu ya maiti aijuaye mwosha, husema wahenga. Ubaya wake ni kwamba mwosha naye ana nyumba, na nyumbani ana mke. Acayo alikuwa akifagia chini ya kitanda akakuta mfuko wenye maganda ya vipaza sauti. Aliyajua, maana alichangia hela za kuvipandisha. Oyat aliporudi na nyama akamkuta amekaa kitini, mfuko uko mezani, na jiko halijawashwa. Hakumgombeza. Alimwambia kwamba Bi Umulkheir ndiye aliyemfundisha kusoma alipotoka kijijini hajui hata kuandika jina lake, na kwamba siku ile alipita mbele ya msikiti na kikapu cha mboga za dodo bila kujua nani amelazwa ndani. Kisha akauliza kama Emérence ana watoto. Oyat hakujua. Miaka yote ya kununua waya kwake, hakujua.

Mpango wake ulikuwa bado ule ule, kurudisha kimya kimya. Lakini asubuhi Shafiq alitangaza kwa furaha kwamba Mwenyeji ameitwa Nairobi, na baada ya hapo Kigali, na kiuno kile kisiguswe na mtu. Hapo Oyat akaona mbele yake njia mbili tu, kunyamaza au kukiri, na zote zilikuwa mbaya. Alimfuata Shafiq ofisini, akamweleza kila kitu. Shafiq akasema kwamba mtaa utanunuliwa vipaza sauti vingine, vizuri zaidi, na juu ya yule mama, mambo hayo hutokea. Naona alisema hivyo kwa nia njema, na ndiyo maana inatia kichefuchefu. Oyat akarudi karakana, akachukua bisibisi, akamfungua Mwenyeji kiuno mbele ya vijana wote. Alipomaliza, roboti alibaki ameinama, uso ukitazama sakafu. Shafiq alimfukuza kazi kwa maneno ambayo sitayaandika.

Kazi ya kuzirudisha sumaku mahali pake ilimchukua muda, akiwa ameketi chini ya mlingoti watu wakipita. Waliomwona walidhani amezipata kwa mwizi, wakampongeza. Hiyo pongezi aliimeza vipi, yeye ndiye ajuaye. Alipomaliza alimwita Mzee Kamis kibandani na kumwambia ukweli, akipiga magoti, kama tunavyofanya mbele ya mkubwa tuliyemkosea. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamsukumia kinasa sauti.

"Wewe mwenyewe ndiyo utapima kama inafanya kazi," akasema. "Na utasema vile tunasemaga habari ya watu."

Ilikuwa saa ya jioni, wakati wote wamerudi, majiko yamewashwa vibarazani. Sauti ya Oyat ikatoka juu ya mlingoti, kavu.

"Tangazo. Mimi Oyat, mtoto wa marehemu Sajini Obita, wa hapa Kisugu. Mimi ndiyo nilitoa sumaku ya kizindaalo. Niliweka ndani ya roboti. Mama Emérence hakuiba. Sumaku yake ilikuwa ya redio, na mimi nilijua. Bi Umulkheir alizikwa bila watu sababu yangu."

Tulidhani amemaliza. Kisha kinasa sauti kikaokota maneno ya Mzee Kamis, ya chini, ambayo hayakukusudiwa sisi.

"Rudia. Tangazo inasomwa mara mbili."

Ni kweli, ndiyo desturi, mara ya kwanza ya kushtua, mara ya pili ya kusikia vizuri. Akaanza tena tangu mwanzo, na jina la baba yake lilipofika alishindwa, akalia ndani ya kinasa sauti, na mtaa mzima tukamsikia mtu mzima akilia mpaka akamaliza. Hakuna aliyemfuata na fimbo. Watu walitazama masufuria yao. Waliomwaga magunia walikuwa mle mle vibarazani, na wengine waliingia ndani wakafunga milango ingawa joto lilikuwa kali.

Kumtafuta Emérence alikwenda peke yake. Aliuliza kwa Wakongo wa Katwe, akaelekezwa Kalerwe, na huko akamkuta sokoni, kando ya barabara, ameketi juu ya kreti akimenya vitunguu saumu kwa ajili ya mwanamke mwenye meza. Vidole vyake vilikuwa vimechubuka. Oyat alichutama mbele yake, akamweleza yote, tangazo na kufukuzwa kazi na Mwenyeji mwenye madini ya Kongo kichwani, aliyebaki ameinama, akamwambia kibanda chake kipo na mwenye kibanda amekubali arudi. Emérence aliendelea kumenya. Muda ukapita, malori ya ndizi yakishusha nyuma yao, ndipo akauliza.

"Papa Fundi, miye nataka kujua kitu moja. Uyo mutu wa chuma, kazi yake ni nini?"

Oyat akamwambia kwamba anasimama mlangoni. Mtu akija, anainama, anamsalimia.

"Anasalimia batu."

"Ndiyo, mama."

Kisu kikasimama. "Kwetu walikuja na bunduki juu ya mawe yenye ilikuwa chini ya shamba yetu," akasema. "Bwana yangu alikufia pale. Sikujua ni mawe ya kufanya nini. Nilizani ni kitu kikubwa." Akachukua kitunguu kingine, akakitazama. "Pale Kisugu nilikuwa nawasalimia asubui yote. Kila mutu mwenye anapita. Wengi hamukuitika. Kumbe ni salamu tu mulikuwa munatafuta?"

Nyuma ya Oyat palikuwa na mteja aliyetaka kitunguu saumu, na Emérence akamwomba kwa upole asogee kidogo, anawazibia watu njia. Akasogea.